Moyo Ukisema Acha, Moyo Ukisema Twende

Mwanzoni mwa 2014 nilimwonyesha mama yangu karatasi moja ya hesabu, na karatasi hiyo ikatugharimu mbuzi sita.

Mnaukumbuka ule msimu wa kware. Kwenye redio ya matatu ni kware, kwenye kikundi cha kanisa ni kware, ukienda matanga unamkuta mtu nyuma ya hema akieleza bei ya vifaranga. Yale mayai madogo yenye madoa yalisemekana kutibu kila kitu, pumu, kisukari, hadi mambo ya chumbani. Niliambiwa yai moja Nairobi linakwenda kwa shilingi 50, na wengine waliapa wameuza kwa 100. Ilibidi uwe na leseni ya KWS, maana kware alihesabiwa kuwa ndege wa porini. Hiyo leseni badala ya kutuogopesha ikatutia moyo. Tulisema, kama serikali inataka karatasi, basi pesa ipo.

Nikapiga hesabu. Ndege 100, mayai 80 kwa siku, shilingi 50 kila yai. Hiyo ni 4,000 kwa siku, 120,000 kwa mwezi. Toa chakula, toa leseni, bado unamzidi mwalimu mshahara. Nikaiweka karatasi mezani nyumbani kwetu Kiboko, malori ya Mombasa yakinguruma nje, nikangoja mama anipongeze.

Mama aliitazama, akaigeuza kuona kama kuna kitu upande wa pili.

"Mwanangu, hii kitu siipendi."

"Kwa nini, mwaitu?"

"Sijui. Roho yangu imekataa tu." Akanyamaza kidogo. "Hapa Kiboko umeona nani akila haya mayai?"

Nikacheka. Nikamwambia soko liko Nairobi, dunia imebadilika, biashara haiendeshwi kwa roho. Mbuzi wakauzwa, na akiba yangu ya miaka miwili ikaenda nao.

Miezi michache baadaye nilikuwa natembea na trei za mayai ya kware kutoka Makindu hadi Emali nikibembeleza wenye hoteli. Mmoja aliniambia, "Kijana, niachie kwa shilingi tano tano, nichemshie watoto." Ndipo nikaelewa kitu ambacho karatasi yangu haikuwa nacho. Walaji wa kware walikuwa wachache mno. Waliokuwa wakinunua kwa bei ile ya juu ni watu kama mimi, waliotaka kuanza kufuga kware. Sote tulipokwisha kuanza, mnunuzi akaisha. Hesabu yangu ya kuzidisha ilikuwa sahihi kabisa. Uongo ulikuwa kwenye mstari wa kwanza, ile bei ya 50, na mstari wa kwanza sikuuhesabu mimi. Niliusikia kwa watu na kuutamani.

Naandika haya kwa sababu nimechoka na makundi mawili ya washauri, na yote mawili yananitafuta kwenye simu kila asubuhi. La kwanza ni la wale wa "fuata moyo wako". Wanakodi ukumbi, wanavaa suti inayong'aa, wanakwambia kila aliyefanikiwa alisikiliza sauti ya ndani na kuwapuuza waliomkatisha tamaa. La pili ni la wale wa "data haidanganyi". Hao wana kompyuta na majedwali, na kwao mtu kama mama yangu ni kikwazo cha maendeleo. Methali zetu zenyewe hazijaafikiana: huyu atakwambia haraka haraka haina baraka, yule atakujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi ushauri wa kawaida unakuwa ule wa kumfurahisha kila mtu, kwamba tumia vyote viwili, weka mizani, nusu moyo nusu akili.

Mimi nasema hapana. Nusu kwa nusu ni njia ya kukwepa swali. Swali ni hili: moyo unakwambia ufanye nini? Ukikwambia acha, usikilize hata kabla hujaelewa. Ukikwambia twende, usiuamini hadi ulete hesabu, na hesabu yenyewe aikague mtu asiye na tamaa yako. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya ataumia.

Kosa langu la kware si langu peke yangu, na halikuanza na vijana wa simu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipiga hesabu ya Ukambani. Nyasi ni kiasi hiki, kwa hiyo ng'ombe wanaofaa ni kiasi hiki, waliozidi waondolewe. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimepata nafasi Athi River, kikihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mifugo ikakamatwa kwa nguvu. Tusidanganyane, mmomonyoko wa udongo ulikuwepo kweli, na mabonde yaliyochimbwa na maji yalionekana kwa macho. Lakini ile hesabu ilihesabu nyasi za mwaka mmoja na kusahau kiangazi cha mwaka ujao.

Mfugaji wa huku alijua kwamba ukame utarudi na utachukua nusu ya zizi. Ukianza na kumi utabaki na watano, na kwa watano unaweza kuanza upya. Ukianza na wawili utabaki na mmoja, na ng'ombe mmoja hajengi boma. Kwa hiyo ule "ukaidi wa Mkamba kupenda ng'ombe wengi" ulikuwa ni hesabu ndefu kuliko ya bwana shauri, ila haikuandikwa mahali. Ilikaa kifuani kama hofu. Watu waliposikia ng'ombe wapunguzwe, roho zao zilikataa kabla midomo haijapata sababu. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Yeye walimkamata na kumpeleka uhamishoni Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisimama.

Wataalamu wa zama zile waliiona wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake, kama nchi inayogeuka jangwa kwa wingi wa watu na mifugo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu wilaya hiyohiyo. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Watu walikuwa wamechimba matuta, yale ya fanya juu, kilima kwa kilima. Jedwali la 1938 halikuwa na safu ya jembe la mama wa Kikamba.

Hapa ndipo watu wa "fuata moyo" wanaanza kunipigia makofi. Wangoje kwanza, maana mama yangu huyohuyo aliyenishinda kwenye kware alikuja kushindwa vibaya.

Huku kwetu wengi tunategemea mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, kuliko zile za Machi hadi Mei. Mama hupanda kwenye vumbi, kabla ya tone la kwanza, ili mbegu ipate maji yote. Kujua siku ya kupanda alirithi kwa bibi: upepo ukigeuka, migunga ikichanua, joto la usiku likiwa la namna fulani. Amekuwa akipatia mara nyingi, na kwa sababu hiyo tumekula. Oktoba 2020 akasema roho yake imetulia, akapanda mahindi ya Katumani shamba zima. Mvua ikaja kidogo, mbegu zikaota, jua likazichoma. Oktoba 2021 akasema safari hii ni hakika. Zikaungua. Oktoba 2022 akasema Mungu hawezi kutuacha mara tatu. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikatika katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na mahindi yetu yalikuwa sehemu ndogo sana ya msiba huo. Tulinunua unga wa dukani mwaka ule kwa pesa niliyokuwa nimeweka kando ya karo.

Kilichotokea si kwamba mama amezeeka au amepumbaa. Roho yake ilifunzwa na anga la miaka arobaini, na anga likabadilika bila kumuaga. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, na Gary Klein, mtu aliyechunguza jinsi makamanda wa zimamoto wanavyoamua ndani ya moshi, walikuwa wapinzani kwenye jambo hili. Kahneman aliishuku hisia, Klein aliitetea. Mwaka 2009 wakaandika pamoja na kukuta kwamba wanakubaliana kuliko walivyodhani. Hisia ya mjuzi inaaminika pale ambapo mambo yana utaratibu unaojirudia, na pale ambapo mtu amepata nafasi ya kukosea na kusahihishwa mara nyingi. Ukikosa kimoja, ule uhakika unaousikia kifuani ni kelele tu, hata kama una nguvu kiasi gani.

Mvua ya Ukambani ya siku hizi inamsahihisha mkulima mara mbili kwa mwaka, basi. Hiyo ni shule yenye mitihani michache mno.

Na hapa Kiboko tuna bahati ambayo wengi wetu hatuioni. Kipo kituo cha utafiti cha KALRO, ambapo wataalamu wa mahindi wa CIMMYT nao hufanya majaribio yao. Wakitaka kujua mbegu gani inavumilia ukame, hawangoji ukame wa Mungu. Wanapanda wakati wa kiangazi, wananyweshea, kisha mahindi yanapokaribia kutoa maua wanafunga maji kwa makusudi. Tena mbegu moja haipandwi mahali pamoja pekee, hupandwa vipande kadhaa vya shamba, ili udongo mzuri wa pembeni usije ukampa mtu sifa asizostahili. Mpita njia anaona mahindi yamekauka na kusema hawa wamelewa. Lakini pale wananunua kwa msimu mmoja kile ambacho mama anakipata kwa miaka kumi: kukosea kwa makusudi, mahali padogo, bila mtu kulala njaa.

Tukirudi kwenye mizani yangu, sasa tazama. Mama aliposema acha kuhusu kware, alikuwa sahihi bila sababu ya kutosha. Mama aliposema twende kuhusu mahindi, alikosea akiwa na sababu kumi. Moyo ni ule ule. Kilichotofautiana ni gharama. Ningemsikiliza kuhusu kware, ningepoteza nini? Ndoto ya 120,000 ambayo haikuwepo. Kumsikiliza kuhusu mahindi kulitupotezea mbegu, kibarua na chakula. "Acha" nyingi ni za bei nafuu. Ukiacha leo, kesho bado unaweza kwenda. Ukienda, mara nyingine hakuna kesho ya kuacha.

Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika Kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya Mto Enziu uliofurika. Watu ukingoni walikuwa wakitazama, wengine wakirekodi kwa simu, wakapiga mayowe basi lilipolala upande. Zaidi ya watu 30 walikufa. Sote tuliona video ile, na sote wa huku tunazijua njia za namna ile, maana mito yetu ni mchanga mtupu miezi mingi, na siku ikijaa inajaa ndani ya saa moja. Nimewahi kukaa ndani ya gari mbele ya maji ya kahawia kama yale, nikiwa na tumbo linalokataa, na abiria wenzangu wakisema, "Aah, juzi tulipita, yalikuwa hapa hapa." Hiyo "juzi tulipita" inasikika kama uzoefu. Inasikika hata kama hesabu. Lakini mtu aliyevuka mara ishirini salama amejifunza kuvuka tu, hajajifunza mto, kwa sababu mto unapomsahihisha mtu haumpi nafasi ya kurudia darasa. Siku ile nilinyamaza kwa aibu ya kuitwa mwoga. Tulivuka. Bado sijioni mshindi.

Ndiyo maana nawakasirikia wale wa ukumbini kuliko wale wa majedwali. Wanamfundisha kijana kuidharau hofu na kuitii hamu. Wanaiita hofu adui, hamu wanaiita sauti ya Mungu. Mtu anauza shamba la urithi kwa sababu "amesikia amani moyoni" kuhusu mradi wa rafiki wa rafiki. Amani gani? Tamaa nayo ikishapata inachokitaka hutulia, na utulivu wake unafanana sana na amani.

Lipo pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Utaniambia moyo husema acha kwa sababu mbovu pia, na ni kweli. Moyo humwambia mtu asimpangishie nyumba mgeni kwa sababu ya jina lake la pili. Humwambia baba asimpeleke binti chuo cha ufundi wa magari. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 tuliona watu wema kabisa wakiamini mapigo ya mioyo yao yaliyowaambia jirani wa miaka ishirini ni hatari. Moyo wa namna hiyo haukufunzwa na jirani. Ulilishwa maneno ya mikutano na redio, na haukusahihishwa hata siku moja, kwa sababu anayemwepuka mtu hapati nafasi ya kujua kwamba alimkosea. Na "acha" hiyo si nafuu hata kidogo, ila tu anayeilipia ni mwingine. Kwa hiyo naweka mpaka: utii wangu kwa hofu unaishia kwenye mfuko wangu, mwili wangu na shamba langu. Hofu ikianza kuhukumu mtu, nayo ilete ushahidi kama hamu inavyotakiwa kuleta.

Na hata ndani ya mpaka huo, kutii acha maana yake ni kusimama, si kulala. Ukisimama, itafutie swali lake. Hofu ya mama kuhusu kware ilikuwa na swali ndani yake, nani anakula haya mayai, nami ningekuwa na adabu ningelibeba swali hilo hadi sokoni Nairobi kabla ya kuuza mbuzi. Nauli ya kwenda na kurudi tu. Hiyo ndiyo hesabu niliyopaswa kupiga.

Baada ya msimu wa 2022 nilinunua daftari la shule, tukakubaliana mimi na mama. Kila msimu tunaandika tarehe ya mvua ya kwanza, tumepanda nini wapi, tumevuna debe ngapi, na safu moja ya mwisho: roho ya mama ilisema nini. Nilimshawishi tuweke nusu ya shamba ndengu na mtama, kwa hesabu ya misimu ile mitano ya jua. Vuli ya 2023 ikaja El Niño. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetabiri mvua kubwa, na mimi na hesabu zangu za jana sikusikia. Maji yakabomoa barabara na kuua watu zaidi ya 100 nchini, na ndengu zangu zikaozea kwenye maganda. Mahindi ya mama yalisimama kama askari. Alinicheka hadi akakaa chini. Lakini mtama ulizaa na mahindi yakazaa, hatukununua unga, na ndengu zilizooza zimeandikwa daftarini kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mama hajui kusoma sana, ila anajua kurasa. Wiki iliyopita alilitoa daftari, akalipitisha kidole safu ya roho yake, akahesabu ilipopatia na ilipokosea, hakukasirika. Kisha akarudi mwanzo kabisa, kwenye ukurasa ambao niliuacha mtupu kwa urembo.

"Hapa," akasema, "andika wale ndege."